Likidi ya sigara ya umeme yenye jirani anachanganya jikoni, iko salama kweli?

kijana_birere: Jambo bandugu ba Goma. Mdogo yangu ananunua likidi kwa jirani, huyo jirani anaitia mu chupa ya sirop ya kikohozi bila etiketi, namuuliza nikotini ni ngapi anasema kidogo tu. Juzi ikamwangikia mdogo yangu mkono mzima akatapika mpaka usiku. Niko na woga sana.

mama_wa_dawa: Pole sana kaka. Nikotini inapita mu ngozi, ikimwangikia tena anawe palepale na maji mingi na sabuni. Kule Ulaya sheria inakataza kupita miligramu 20 za nikotini kwa mililita, chupa isipite mililita 10 na kifuniko mtoto hawezi kufungua, sasa ya jirani nani anaipima? Na mafuta je, anatia? Marekani mwaka 2019 watu walivuta likidi za bangi za magendo zenye mafuta ya vitamini E, mpaka Februari 2020 walihesabu wagonjwa wa mapafu zaidi ya 2,800, na 68 wakakufa.

fundi_batri: Mie naongeza ya batri za hizo sigara. Zile za duara zenye zinatolewa mu laptopu za zamani, plastiki yake ikichanika na funguo ikagusa pande zote mbili mfukoni, inawaka moto. Nimeona suruali imetoboka.

kijana_birere: Asante mama. Chupa niko nayo hapa, juu yake kunaelea vitone kama mchuzi wenye umepoa.

mama_wa_dawa: Hiyo inafanana na mafuta. Asivute tena hata mara moja. Akikohoa ao kifua kikimbana, mupeleke hospitali leo, na mubebe hiyo chupa.