Vifaranga hawa baba yao nani?

Wakuu habari, niko Uyole, nina tetea mweusi wa kienyeji na jogoo wa aina ya kuchi, wote shingo zina manyoya, sasa kaangua 9 na watatu ni kishingo (shingo haina manyoya), imekuwaje?

> Jogoo wa jirani huyo 😂 kishingo haijifichi, lazima baba au mama awe nayo

> Jirani alikuwa nae kweli ila alimchinja wiki nzima kabla tetea hajaanza kutaga

> Haijalishi kaka, mbegu inakaa kwa tetea hata wiki 2 mpaka 3, hapa Mafinga ukitaka kuchi safi mfungie tetea na jogoo wako peke yao wiki 3 ndo uanze kukusanya mayai ya kuatamia

> Duh, na ugali alikula kwangu huyo jogoo