Sabuni ya bila kupika imegoma kushika, niifunike na nini?

Mama T wa Kirumba: Habari za jioni wakuu. Juzi usiku nimemimina sabuni ya mawese kwenye boksi la mbao. Nyumba yetu iko juu maweni, upepo wa ziwa ukiingia alfajiri chumba kinapoa sana. Nimefunika kanga mbili ila joto halikupanda. Pembeni imeganda, katikati kidole kinazama, na juu kuna unga mweupe. Nifunike na nini? Sijalala.

Mzee wa Igoma: Blanketi zito dada, na nguo chakavu kuzunguka boksi. Usifunue saa 24. Sabuni inajipasha yenyewe, kazi yako ni kuzuia joto lisitoke.

Mjukuu wa Ukerewe: Bibi yangu, Mungu amrehemu, alipika ya majivu. Sisi wajukuu tulichochea kuni mpaka macho yakavimba. Siku hizi mnataka hela ya haraka.

Fundi Mizani: Kabla ya blanketi, kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, uliweka kiasi gani?

Mama T wa Kirumba: Ya kutosha, kama kawaida.

Fundi Mizani: Gramu ngapi?

Mama T wa Kirumba: Mzani uliisha betri. Nikaweka vikombe viwili kwa kilo 3 za mawese, nilishaona mtu akifanya hivyo na ikatoka vizuri. Halafu nimeshapokea advansi ya sendofu, vipande 30 Jumamosi, na vifungashio nimenunua. Siwezi kurudi nyuma.

Kijana wa Nyegezi: Mwanza kuna baridi ya kugomesha sabuni? Hii imetungwa. Kesho atatokea mtu na namba ya simu anauza kostiki.

Mama T wa Kirumba: Kaka, boksi liko chini ya kitanda ninacholalia na wanangu. Nitunge ili iweje?

Fundi Mizani: Kwanza litoe hapo, watoto wasiliguse. Kilo 3 za mawese zinataka kama gramu 400, na kikombe hakijui gramu. Lowesha kidole, sugua sabuni, gusa ncha ya ulimi mara moja, suuza. Ukishtuka kama umelamba betri, kostiki imezidi na blanketi halitaiondoa. Itabidi uikwangue, uipike upya kwa moto mdogo ukiongeza mawese. Sufuria ya alumini usiguse, kostiki inaila. Na hata ikiwa salama, ya bila kupika hukomaa wiki 4 hadi 6. Jumamosi sahau.

Mama T wa Kirumba: Imenishtua. Hata ya pembeni. Mawese niongeze kiasi gani? Mama wa bibi harusi ameshapiga mara mbili, sijapokea.