Windows 10 ndiyo hiyo imeachwa: nibaki nayo, nipige 11 kwa nguvu, nihamie Linux, au niuze mashine?

Mgebuka_Mkavu (Kigoma, Mwanga)

Habari za jioni wakuu.

Nina Dell OptiPlex 3020, lile kasha refu. Prosesa i5-4590, RAM GB 8, hadi diski (HDD) ya GB 500 iliyokuja na mashine, na kadi ya grafiki GTX 750 Ti ya GB 2 niliyoagiza Kariakoo, ikasafiri na basi siku mbili imeviringishwa kanga ya mama mdogo. Nacheza GTA V, PES 2017, CS2 na Euro Truck Simulator 2. Dogo akija likizo anataka FC 24.

Mnajua tangu Oktoba 14, 2025 Windows 10 haitoi tena marekebisho ya usalama kama zamani. Nimepima kwa programu ya Microsoft wenyewe, imenigomea: prosesa haimo kwenye orodha, na TPM yangu, ile chipu ya usalama, ni 1.2 wakati wao wanataka 2.0. Fundi mmoja hapa mjini kaniambia mashine "imeshakufa" na ninunue nyingine. Kwa bahati nzuri anayo ya kuuza!

Sasa nalinganisha. Nibaki na 10, nipige 11 kwa njia ya panya, niende Linux, yaani mfumo mwingine badala ya Windows, au nikubaliane na fundi? Mashine yenyewe siku hizi inachukua dakika nne kuwaka, na GTA inaganda nikiendesha gari kwa kasi mjini. Nataka maoni ya waliojaribu, siyo ya walioangalia video.

FundiWaVumbi (Tabora, Isevya)

Mkuu, kabla hujalinganisha Windows na Windows, soma tena sentensi yako ya mwisho. Dakika nne kuwaka, gari likienda kasi mji unaganda. Hiyo ni hadi diski inayozunguka. GTA inasoma barabara na nyumba kutoka kwenye diski kadiri unavyosonga, diski ikishindwa kuleta kwa wakati unaona lami haipo au picha inasimama. Upige 10, 11 au Linux, ukiiacha hiyo diski shida unahama nayo.

Kanunue SSD ya SATA, diski isiyozunguka, ya GB 240 au 480. Madabodi yako inaipokea bila kelele.

Pili, fungua kasha. Sisi huku Tabora kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye kufuli la mlango. Wiki jana nimefungua mashine ya kijana mmoja, feni ya prosesa inazunguka vizuri kabisa ila chini yake, kati ya mapezi ya alumini, kuna blanketi. Siyo mfano wa maneno, ni blanketi: nimelishika kwa vidole viwili likatoka zima na umbo la feni. Prosesa ilikuwa inajipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, mwenyewe anasema Windows imechoka. Kazi yenyewe ni brashi ya rangi, kulishika feni kwa kidole lisizunguke wakati wa kupuliza, na peisti mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Peisti ya kiwandani mwaka 2014 sasa ni chaki.

Unyanyembe60 (Tabora, Kiloleni)

Nimepiga 11 kwenye mashine ya umri huohuo, i5-4570. Inakwenda. Unatengeneza flashi kwa programu ya Rufus, kabla haijaanza inakuuliza kama unataka kuondoa masharti ya TPM, Secure Boot na RAM, unaweka tiki, unaendelea. Ndani ya saa moja nilikuwa nacheza.

Nisikufiche kasoro zake. Apdeti za kila mwezi zinaingia kwangu, ila Microsoft wamesema wazi mashine isiyokidhi vigezo haina haki ya kuzidai. Toleo jipya la mwaka haliji lenyewe, unashusha tena faili zima la zaidi ya GB 5 na kurudia flashi. Na kuna wenye mashine za zamani zaidi, Core 2 Duo, hao toleo la 24H2 limewafungia mlango moja kwa moja kwa sababu prosesa zao hazina amri inayoitwa POPCNT. i5 yako inayo.

Kitu kimoja cha kuangalia: kwenye mipangilio ya usalama kuna kipengele cha Memory Integrity. Kwenye prosesa za zamani kama zetu kinakula nguvu sana maana hazikuumbwa nacho. Kwangu kilikuwa kimezimwa. Chako ukikikuta kimewashwa, gemu zitakusimulia.

Kuhusu fremu, yaani picha kwa sekunde: GTA kwenye Windows 10 na GTA kwenye Windows 11 kwangu sijaona tofauti. Anayekwambia 11 inaongeza fremu kwenye 750 Ti anakuuzia kitu.

MzeeWaReli (Tabora, Cheyo)

Vijana mna haraka. Windows 7 iliachwa Januari 14, 2020. Steam, wale wa duka la gemu, wakaacha kuihudumia Januari 1, 2024. Hapo katikati ni miaka karibu minne watu walicheza. Kuachwa na Microsoft na kuachwa na gemu ni vitu viwili, na mchezaji anauawa na hicho cha pili.

Na 10 yenyewe bado ina mlango. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani, marekebisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Unajiunga kwa dola 30, au pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Uwe na toleo la 22H2, nenda kwenye Windows Update, utaona maandishi ya kujiandikisha. Kuna wanaonong'ona habari za LTSC, Windows 10 ya makampuni inayohudumiwa muda mrefu, ile ya IoT inayofika Januari 2032. Ni kweli ipo, lakini haiuzwi kwa mtu mmojammoja, na hizo "leseni" za mtaani za bei ya soda mnajua zinatoka wapi.

Mwezi wa kumi ukifika utakuwa umeshakusanya hela. Ndiyo maana ya muda.

Unyanyembe60

Mzee, heshima yako, lakini mwezi wa kumi ukifika atarudi hapahapa na swali hilihili.

MzeeWaReli

Atarudi akiwa na SSD na akiba. Kuna ubaya gani?

BintiBangwe (Kigoma, Bangwe)

Nimeona Linux imetajwa mara moja na kila mtu kaikwepa kama deni. Mimi niko Linux Mint mwaka wa pili, ngoja niseme yote, matamu na machungu.

Kwa gemu zako: CS2 na Euro Truck zina toleo la Linux kabisa. GTA V ya hadithi na PES 2017 zinapita kwa Proton, ile tafsiri ya gemu za Windows ambayo Valve, wenye Steam, waliiweka ndani yake mwaka 2018. Unabonyeza cheza, basi. PES isiyo ya Steam inataka mikono kidogo, unaiongeza kwenye Steam kama gemu ya nje na kuichagulia Proton.

Machungu ni gemu za mtandaoni zenye mlinzi wa kunasa wanaodanganya. GTA Online ilikuwa inacheza vizuri, Septemba 2024 wakaweka BattlEye, watu wa Linux tukabaki nje. Valorant, Fortnite, na hiyo FC 24 ya mdogo wako, hazichezeki. Haihusiani na ujuzi wako, wenye gemu hawataki.

Kuna na jambo la kadi ambalo watu hawalisemi, nalo ndilo liliniliza. Nilianza na laptopu ya i5 jenaresheni ya 4 isiyo na kadi ya pembeni. Mint ikaingia vizuri, nikafurahi, nikafungua gemu: skrini nyeusi, sekunde tano, inarudi Steam. Siku tatu. Nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha, bando la wiki likaisha kwa kutafuta majibu usiku. Kumbe Proton inageuza DirectX, lugha ambayo gemu za Windows huongea na kadi, kuwa lugha nyingine iitwayo Vulkan, na Proton za sasa zinadai Vulkan 1.3. Grafiki ya ndani ya Intel ya kizazi kile haifiki hapo. Nikarudi kwenye Proton ya zamani, baadhi zikafunguka kwa kuchechemea. Nilipopata mashine ya mezani yenye 750 Ti kama yako, gemu zilezile zilifunguka mara ya kwanza. Kwa hiyo anayesoma hapa na laptopu isiyo na kadi, usiige uamuzi wa Mgebuka.

Windows ile ile kwenye laptopu ile ile ilicheza hizo gemu. Lazima niseme ukweli huo japo unaniuma.

Kibanda_Ngambo (Tabora, Ng'ambo)

Mimi nina banda, mashine tano, watoto wanalipa kwa mechi. Dada Binti hapo juu kasema kweli, tatu zangu ni Mint kwa sababu ya PES tu, mtoto akikaa anaona kiwanja, hajui chini yake kuna nini wala hajali.

Mniruhusu niongeze ambayo mnayaruka: bando na umeme. Kama intaneti yako ni hotspoti ya simu, nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie Windows kwamba muunganisho unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo inashusha apdeti kimyakimya na saa nne asubuhi unapata ujumbe bando limeisha.

Umeme sasa. Msimu wa radi mimi nachomoa waya ukutani, sizimi tu. Na mashine za umri huu zina betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi, ikifa, umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Hapo Steam haikuingizi, kila tovuti inasema siyo salama, mtu anadhani kaingiwa na virusi. Nilishapeleka mashine kwa fundi mmoja kwa tatizo hilo, akapiga Windows upya, akafuta na kazi za watu, akanitoza. Jioni umeme ukakatika, saa ikarudi kulekule. Betri yenyewe inauzwa na wauza saa.

Kapteni_Kibirizi (Kigoma)

Mimi nipo upande wa fundi anayechekwa hapa. Nunua nyingine. i5-8500 ni ya 2018, ina korokoro sita badala ya nne, 11 inaipokea kwa hiari, na Valorant kwenye 11, ambayo inadai TPM 2.0 na Secure Boot, inakubali. Hela ya SSD, peisti na betri ukiweka kwenye mashine ya mwaka 2014 unapaka rangi mtumbwi uliooza.

FundiWaVumbi

Korokoro ndiyo koa za prosesa? 😂

Kapteni, SSD inahama. Akinunua hiyo i5-8500 kesho anaichomoa na kuondoka nayo. Isiyohama ni RAM, maana yake ni DDR3 na huko ni DDR4. Na amwangalie muuzaji: mashine nyingi za ofisini za umri huo zinazokuja mtumba ni kasha jembamba, kadi yake ya 750 Ti ikiwa ya kimo cha kawaida haifungiki humo hata kwa maombi.

Kapteni_Kibirizi

Hilo la kasha nimelikubali. La mtumbwi sijalifuta.

Unyanyembe60

Tena tusisahau kadi. Nvidia wamefunga ukurasa wa 750 Ti: draiva mpya za gemu kwa vizazi vya kadi vya Maxwell (ndiyo yake) na Pascal ziliishia Oktoba 2025, zilizobaki ni viraka vya usalama hadi Oktoba 2028. Sasa hilo linamkuta awe 10 au awe 11.

Mgebuka_Mkavu

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili.

Nilianza na kasha. Blanketi sikulikuta ila nimekuta mjusi mkavu chini ya kadi, Mungu amrehemu. Peisti kweli ilikuwa chaki. SSD ya GB 480 nimepata, ile ya zamani nimeiacha ndani kwa ajili ya muziki na picha. Inawaka kwa sekunde ishirini na kitu. GTA nimekimbia na gari kutoka uwanja wa ndege hadi milimani haijaganda hata mara moja, fremu ni zilezile za zamani ila haikatiki, na sikujua kumbe kilichokuwa kinaniudhi ni kukatika.

Windows 10 nimebaki nayo, nimejiandikisha kwa ile njia ya akaunti, imekubali. Na kwa sababu nafasi ipo nimeweka Mint pembeni, GB 100. Dada Binti, CS2 imefunguka, ila mara ya kwanza ilikuwa inashtuka-shtuka kama dakika kumi halafu ikatulia. Ni kawaida?

Yule fundi nimepita kwake kununua betri ya CR2032. Kaniuliza kama nimeamua kuhusu ile mashine, nikamwambia bado nafikiria. Kumbe ni kasha jembamba kweli.

Imebaki FC 24 ya dogo.

BintiBangwe

Ni kawaida, inakuwa inapika shader, vile vijiprogramu vya kuchora vivuli na rangi, kwa ajili ya kadi yako mara ya kwanza. Draiva ikibadilika itapika tena.

Unyanyembe60

FC 24 inaomba walau GTX 1050 Ti. Usiinunue kadi hiyo, ni Pascal, imo kapu moja na yako. Tafuta 1650, ile isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, maana saplai ya Dell hiyo haina waya wa kuipa.

Mgebuka_Mkavu

Sawa mkuu. Aliye na 1650 isiyo na tundu la waya, iwe Kigoma au Tabora, anicheki. Naomba picha ya upande wa juu wa kadi kabla ya bei.

FundiWaVumbi

Na ya feni.