Matandazo yamezuia magugu yote isipokuwa ndago

Mwuliza swali, Morogoro:
Ndugu wakulima, nina bustani ya nyanya na mchicha nyuma ya nyumba. Kwa kuchoka kupalilia kila wiki, mwezi uliopita nilitandaza pumba za mpunga kutoka mashineni, unene wa vidole viwili hivi. Magugu madogo yamekoma, lakini ndago zinachomoza katikati ya pumba kama sindano. Je, nilikosea unene, au pumba zenyewe hazifai?

Jibu la kwanza:
Ndugu yangu, pumba hazina kosa. Matandazo hudhibiti magugu kwa kuyanyima mwanga, ndiyo maana huyaweza yale yanayoota kwa mbegu ndogo zisizo na akiba ya kuzifikisha juu. Ndago haitegemei mbegu. Chini ya udongo ina vijiazi vilivyoungana kama shanga, na kila kimoja kina nguvu ya kusukuma chipukizi lenye ncha kali, ambalo hutoboa hata karatasi ya nailoni. Ukiling'oa kwa mkono, jani hukatika na kijiazi hubaki. Mimi husogeza matandazo kidogo kidogo, nachimbua udongo ukiwa na unyevu, navianika vijiazi juu ya bati mpaka vikauke kabisa, ndipo narudisha matandazo. Usivitie kwenye mboji.

Jibu la pili:
Niongeze kuhusu unene. Ukipata nyasi kavu, tandaza sentimita 10 hivi, kwa sababu hulala baada ya mvua, na uache nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina la nyanya ili lisioze. Kwetu Bukoba nyasi za kutandaza kibanjani (shamba la migomba linalozunguka nyumba) hukatwa kwenye rweya, yaani uwanda wa nyasi nje ya vibanja, na jambo la kuangalia ni zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Mwaka mmoja nilipuuza hilo nikabeba mizigo minne yenye masuke. Mvua ziliponyesha, nilipalilia nyasi nilizozileta mwenyewe kichwani.

Mwuliza swali:
Nawashukuru. Leo asubuhi nimechimbua robo tu ya tuta moja na kopo la lita moja limejaa vijiazi, vingine vikiwa kina cha kiganja kizima. Pumba nimezisogeza pembeni bila kuzichanganya na udongo. Nitamaliza tuta hilo kwanza, kisha nirudishe pumba na kuongeza majani makavu ya migomba juu yake.

Jibu la pili:
Majani ya migomba yakate vipande vifupi, la sivyo upepo utayahamishia kwa jirani. Pia pita kila baada ya siku chache, kwani vijiazi vilivyobaki vitachipua tena.