Naomba ushauri: domeni (anwani ya tovuti) ikibadilisha mmiliki, tutashuka kwenye matokeo ya Google?

Wandugu, habari za kazi. Niko Bukavu, naendesha tovuti ya duka letu la kahawa ya Kivu, hapa Ibanda. Wateja wengi wa nje hutupata kupitia Google tu, ndiyo maana naogopa kugusa chochote.

Domeni yetu ya .com imeandikwa kwa jina la kijana aliyetutengenezea tovuti. Hata ujumbe wa kukumbusha malipo ya mwaka unaenda kwake. Sasa anahamia Ulaya, na amekubali kutuachia kwa roho safi. Seva ni ile ile, kurasa ni zile zile. Kitakachobadilika ni jina la mwenye domeni, kisha tunataka kuihamishia kampuni nyingine ya usajili.

Nimeshanakili mipangilio yote ya DNS (ile inayoelekeza domeni kwenye seva), pamoja na ile rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi unaothibitisha kwa Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, kwamba tovuti ni yetu, isije ikapotea njiani. Nimesoma pia kwamba kubadilisha jina la mwenyewe kunaweza kuifunga domeni siku 60 isihamishwe.

Je, kubadilisha jina la mwenyewe peke yake kunaweza kutushusha, kama kurasa hazikuguswa? Na kipi kitangulie, jina au kuhama kampuni? Aliyewahi kupitia hili anielekeze, tafadhali. Aksanti sana.