Gumzo la ukoo: mdai wa mkesha wa sikukuu

Zuhura (Beijing): Shikamooni wakubwa. Jana chuoni tumeonyeshwa filamu ya 1950, Bai Mao Nü, yaani Msichana wa Nywele Nyeupe. Sijalala.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Ya majini?

Zuhura: Afadhali majini, shangazi. Deni! Mkulima Yang Bailao kakimbia wadai, karudi kwa kunyata mkesha wa mwaka mpya. Kaleta unga kidogo, picha za walinzi wa mlango, na uzi mwekundu wa kumfunga bintiye nywele. Wenzake hununua maua, yeye hana uwezo huo.

Hamisi: Asubuhi yote hii unaniliza 😭

Zuhura: Kabaila mwenye mashamba anayemdai kamwita, wakamshika mkono wakamgandamiza dole kwenye hati ya kumuuza binti. Kurudi, mtoto kalala. Akanywa maji machungu ya kugandishia tofu. Akafa.

Mjomba Saidi: Uongo. Yule mzee alipigwa na vijana wa kabaila. Nimeona mwenyewe, kambini Mlimba, tunajenga reli na Wachina. Shuka jeupe limetundikwa.

Zuhura: Mjomba, walikuwa wanaongea au wanacheza?

Mjomba Saidi: Wanacheza. Kwa ncha za vidole vya miguu. Na mapanga wameshika.

Zuhura: 😂 Hiyo ya baleti, ya Shanghai, 1965! Humo mzee anapambana hadi wanamuua. Enzi hizo mkulima kujiua kulionekana unyonge.

Mjomba Saidi: Si ndivyo nilivyosema?

Hamisi: Na mvi je?

Zuhura: Binti katoroka, kaishi pangoni miaka, hana chumvi wala jua. Akawa anakula sadaka za hekaluni, wanakijiji wakidhani mungu wao ndiye anayekula.

Shangazi Mwanaidi: Lakini mkesha wa sikukuu, jamani! Hawana haya?

Zuhura: Ndiyo ilikuwa desturi, deni lilipwe kabla mwaka haujageuka. Mwisho wa mwaka waliuita nianguan, kama kizuizi cha barabarani. Ila sehemu nyingi ukishabandika karatasi nyekundu mlangoni, mdai alikuwa hagongi tena mpaka sikukuu ipite.

Shangazi Mwanaidi: Hamisi. Vitenge vyangu viwili, tangu Idi.

Hamisi: [Picha] Mlango wangu huo, shangazi. Kalenda ya mwaka jana, ina wekundu wekundu.

Shangazi Mwanaidi: Napitia uani.