Kutoka kufuga sungura hadi kazi ya kutunza wanyama: nianzie wapi?

Binti wa Langoni, Lamu

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu utotoni ninafuga sungura katika ua wa nyumba yetu. Ningependa mapenzi hayo yawe kazi ya kunilisha, lakini baba anasema kwamba hapa kwetu hakuna anayelipia matibabu ya sungura, na mama anahofia nitahama Lamu moja kwa moja. Kilichonisukuma kuuliza ni kifo cha jike wangu mkubwa: aliacha kula jioni, akajikunyata pembeni akisaga meno, kinyesi chake kikawa vipunje vidogo kama mtama, na kufikia alfajiri alikuwa amekufa bila mimi kumpata mtu wa kunieleza alikuwa na nini. Je, kuna masomo yanayomfaa mtu kama mimi, na je, sungura peke yao wanaweza kuwa kazi?

Mhudumu wa afya ya mifugo, Malindi

Waaleikum salaam, binti yangu, na pole sana. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniletea wanyama wao, kwa sababu kujikunyata, kusaga meno na kinyesi kupungua ni dalili za maumivu na za utumbo uliosimama. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake umeumbwa kufanya kazi mfululizo, hivyo akipitisha nusu siku bila kula ni dharura isiyosubiri asubuhi. Chanzo mara nyingi ni lishe yenye nyasi chache, au meno yaliyorefuka kupita kiasi, kwani meno ya sungura hayakomi kukua, au joto, ambalo sisi wa pwani tunaishi nalo mwaka mzima. Na hili ningetamani kila mfugaji alijue: amoksilini, dawa ambayo watu huwapa watoto wao, ikimezwa na sungura huua vijidudu vyema vya utumboni na inaweza kumwua kabisa.

Kuhusu masomo, njia fupi ni cheti au stashahada ya afya ya mifugo, na vyuo vinavyojulikana zaidi ni vile vya AHITI, yaani vyuo vya serikali vya mafunzo ya afya ya mifugo, kikiwemo cha Kabete. Njia ndefu ni shahada ya udaktari wa mifugo, ambayo huchukua miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Huko utahitaji angalau C+ ya jumla, na biolojia na kemia huangaliwa sana. Kwa njia zote mbili, sheria ya mwaka 2011 inakutaka usajiliwe na bodi ya taifa ya taaluma hiyo kabla ya kutibu mnyama wa mtu.

Sungura atakuwa sehemu ndogo tu ya masomo yako. Muda mwingi utakwenda kwa ng'ombe, mbuzi na kuku, na machinjioni utafundishwa kukagua nyama. Wafugaji wengi wa sungura nchini huwafuga kwa kitoweo, nao watakuwa wateja wako, kwa hiyo upime moyo wako mapema kama utaweza kumhudumia mnyama ambaye mwenyewe amekwisha kumpangia siku ya kuchinjwa. Kwa maoni yangu, mnyama huyo ndiye anayehitaji zaidi mtu mwenye huruma.

Mwenye punda, Mkomani, Lamu

Dada yangu, mzee wako amesema kweli kuhusu sungura, lakini Lamu haijakosa kazi ya wanyama. Punda ndio wanaobeba mawe, mchanga na saruji katika vichochoro vyetu, na hospitali ya punda imekuwa ikiwatibu bila malipo tangu miaka ya 1980. Nenda ukaombe kujitolea huko, hata kwa kushika kamba na kusafisha vidonda vya mgongoni, kisha angalia kama bado unaipenda kazi hii baada ya kupigwa teke la kwanza. Paka wetu nao wanahitaji watu.

Binti wa Langoni, Lamu

Nawashukuru nyote. Kesho, inshallah, nitakwenda na baba hospitali ya punda. Wakati nikisubiri nafasi ya chuo, niwafanyie nini sungura waliobaki?

Mhudumu wa afya ya mifugo, Malindi

Wape ukoka uliokauka kivulini, na uwe sehemu kubwa ya chakula chao. Mboga ziwe nyongeza tu. Mchana wa kaskazi, gandisha chupa ya maji, izungushie kitambaa na uilaze kizimbani ili waegemee. Usimnyanyue yeyote kwa masikio. Shika kifua kwa mkono mmoja na matako kwa mwingine, kwa sababu akirusha miguu ya nyuma anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Kila jioni andika katika daftari uzito wa kila mmoja, alichokula na kinyesi chake kilivyokuwa, na siku ya mahojiano ya chuo ulibebe daftari hilo pamoja na vyeti vyako.